Rangi ya Ndani ya Ganda

…na aangalie vizuri, ndivyo alivyoambiwa, aangalie kama anavyoangalia ndizi, maana hakuna mtu Morogoro hii anayeyajua manjano kumshinda Mwanvita wa Kinole aliyevundika ndizi miaka hamsini, maneno ya Sabra hayo, mjukuu wake, alikuwa anacheka huku anajishusha kwenye kigoda katikati ya magoti ya bibi yake, pale pale alipokuwa akikaa utotoni kusukwa twende kilioni, ila leo kichwa kimepakwa dawa nzito nyeupe kama uji wa mchele, juu yake mfuko wa nailoni, na taulo kalikandamiza machoni kwa mikono miwili kwa sababu dawa inachoma kuliko kitunguu, "mbele nimeshajitazama kwenye kioo, bibi, mbele kuko sawa, kisogoni ndiko sijioni, wewe ndiye macho yangu, ikifika rangi ya ndani ya ganda la ndizi kisukari iliyoiva uniambie nikaoshe, hapo hapo, usinicheleweshe, ikipita hapo nywele zinakatika zote kama majani makavu," na simu kaiwekea dakika lakini simu haina macho, kipupwe hiki dawa inajivuta, siku za joto inawahi, siku za baridi inalala, hakuna anayejua ila anayetazama… haya, anatazama, kainua ncha ya nailoni kwa kidole chenye glavu, kafuta kishungi kimoja kwa kitambaa kama alivyoonyeshwa, anatazama, na anaona manjano. Anaona manjano, sawa, lakini mara ya kwanza alipofunua pia aliona manjano, akasema bado, kwa kuwa dawa ilikuwa ndiyo kwanza imepakwa na hata mtoto angesema bado, mara ya pili manjano yale yale, akasema bado, na sasa hii ni ya tatu na manjano hayajaongezeka wala kupungua, yamekaa tu, kama ukungu, na magoti yanamuuma, na mgongo, kiti hiki cha saluni kimetengenezewa watu wenye viuno vya plastiki… "Bibi, vipi?" "Bado." "Una uhakika?" "Nani anayejua ndizi hapa, wewe au mimi?" na Sabra anacheka chini ya taulo, anasema haya mke mwenzangu, nimenyamaza, mke mwenza kwa sababu ya babu yake, Pazi, aliyekuwa akimwita mjukuu huyu mke mdogo na kumwambia mbele ya watu kwamba mke mkubwa amechakaa, anangojea tu mdogo akue, na Sabra mwenye miaka mitano alikuwa anamjibu, "mimi simtaki mume hana meno," na kijiji kizima kinacheka… Pazi, Mungu amweke pema.

Asali, ndiyo rangi aliyoichagua. Jana mchana walikaa hapa hapa na karatasi yenye vishungi vimebandikwa, kila kishungi na jina lake, maziwa, karameli, majivu, asali, na Sabra anamweleza kama mwalimu wa madrasa, kwamba baridi ikiingia ngozi yetu inapauka, jua halina nguvu, ukijipaka ile blondi ya majivu unaonekana umelala jikoni, ya maziwa inataka mtu mweupe au mwenye kujipamba kila siku, lakini asali, bibi, asali inauamsha uso hata asubuhi ya ukungu, naye akauliza kwa utani, "asali ya nyuki wakubwa au ya nyuki wadogo?" na mtoto hakucheka, alifikiri kabisa, akasema ya nyuki wadogo, ile yenye weusi kidogo, inayowaka ukiinua chupa juani, na hapo Mwanvita akajisikia fahari kwa kazi asiyoijua, kwamba huyu mtoto ana kazi na kazi ina maneno yake. Ila asali huwezi kuipaka juu ya mkaa, lazima kwanza weusi utolewe, utolewe mpaka ndani ya ganda, ndipo uweke asali yako, na ukishaiweka bado hujamaliza, maji ya uvuguvugu siyo ya moto, shampuu ya zambarau mara moja kwa wiki isije ikageuka chungwa, mafuta kwenye ncha, kilemba cha satini ukilala maana upepo wa mlimani unanyonya unyevu wote, na mizizi kila wiki ya sita… "Hizi si nywele," alimwambia, "hawa ni mbuzi wa maziwa," na Filomena fundi cherehani wa chumba cha pili akasikia, akacheka hadi cherehani ikasimama. Lakini si mchezo, hapana, kesho asubuhi anakuja Glory, yule binti wa kwaya anayeolewa Jumamosi, na wapambe wake sita, hawaji kusuka, wanakuja kutazama, wakikipenda kichwa cha Sabra watakaa kwenye viti hivi wote sita, wasipokipenda watakwenda Msamvu kwenye saluni yenye vioo mpaka darini, "kichwa changu ndicho kibao cha duka, bibi, sina kingine," na saluni ina miezi miwili, na mtoto amekonda… na kibao chenyewe kimo katikati ya magoti haya, na anayekichunga ni nani.

Ukungu, alidhani ni ukungu. Hilo ndilo linalomchosha akilifikiria, ujinga wake, mtu mzima, maana Kinole kipupwe ukungu unashuka tangu Juni, unaingia hadi jikoni, unakaa kwenye migomba siku nzima, mtu akikusalimia njiani unajibu sauti maana uso huuoni, "marahaba, nani wewe?" "Mimi Sufiani, bibi." "Ukungu leo, mwanangu." "Ukungu kweli, bibi," na kila mtu anakubali, hakuna anayekuuliza macho yako kama ukungu upo, na yeye mwenyewe alikubali, mwaka mzima alikuwa anasema mwaka huu ukungu umezidi, mpaka wiki iliyopita aliposhuka na mkungu wake kuja kwa Sabra, akakaa nyuma ya pikipiki anangoja, tukifika Kiroka utafunguka, wakafika Kiroka haukufunguka, tukifika lami utafunguka, lami ikaja, jua akalisikia mgongoni, moto kabisa, na ukungu umekaa pale pale, una rangi ya chai ya rangi iliyochujwa mara mbili, akageuza shingo huku ukageuka naye, na kijana wa pikipiki anasema, "bibi, mlima leo uko peupe, ona mpaka kileleni," naye akasema naona, mwanangu, naona. Naona! Hajamwambia mtu. Amwambie nani, Hashimu? Mwanawe ana nyumba Kingolwira, ana chumba kimepigwa chokaa tangu arobaini ya baba yake, kila akipiga simu ni wimbo mmoja, "mama, siku utakayoshindwa na macho au miguu, siombi ruhusa, naja na bajaji nakubeba na kitanda chako," na anamaanisha, Hashimu hatanii kama baba yake, atakuja kweli, atamketisha ukumbini mbele ya televisheni asiyoiona, mkewe atamletea chai, atasema kunywa mama, na shamba la Kinole, shamba la mama yake na la mama wa mama yake, maana kwetu ardhi inafuata tumbo, litabaki na nani, na kaburi la Pazi liko nyuma ya mgomba wa mzuzu, nani atalipalilia… na bibi yake mwenyewe, alivyokuwa uzeeni, anaongozwa kwa fimbo, wajukuu wanamuibia karanga mbele ya uso wake, anasikia maganda yanapasuka, anauliza nani huyo, wanasema panya, bibi. Panya. Na Mwanvita alikuwa mmoja wao, alicheka, alikula karanga.

"Bibi, inawasha sasa." "Wapi?" "Kisogoni. Lakini inawashaga, usijali. Umeangalia?" "Naangalia," na anafunua tena, mara ya ngapi hii, anafuta kishungi, manjano, anasogeza uso karibu mpaka ile harufu inampanda puani kama mkojo wa paka, manjano, halafu bila kufikiri anaishika ncha ya taulo la Sabra, lile taulo alilolianika mwenyewe asubuhi, jeupe, analijua ni jeupe, kalifua kwa mkono wake, analiweka kando ya kishungi… manjano. Taulo nalo limeiva. Taulo, nywele, ukuta, kiganja cha glavu, dunia yote imeiva, imefika ndani ya ganda, na kama kila kitu kimeiva basi hajui kitu. Ndizi asingekosea, ndizi angeibonyeza karibu na kikonyo, angeinusa, ndizi inajisema yenyewe, lakini hizi nywele zinanuka dawa tu, na akizibonyeza kwa glavu zinateleza kama bamia, hazisemi… Chumba cha pili Filomena anagombana na mteja, "Laurenti, hii suruali umeleta au gunia la mkaa?" "Punguza kiuno tu, dada." "Nipunguze kiuno au nikupunguze wewe?" na cherehani inalia, na yeye anakumbuka alichosimulia Filomena juzi, wala hakumsimulia yeye, alimsimulia mteja, kwamba mama yake kule Mgeta walimtoa mtoto wa jicho, asubuhi kaenda, kesho yake kafunguliwa bandeji, akamtazama mwanawe akasema, "Yesu wangu, Filomena, kumbe umezeeka hivi!" na wote wakacheka, Mwanvita naye akacheka, akiwa anamenya ndizi, akajikata kidole.

Lakini ndizi… hebu ngoja. Mwaka juzi ndizi zake zilikuwa sawa. Ukungu ulikuwepo mwaka juzi, anakumbuka, ulikwishaanza, alikuwa tayari anatia uzi kwenye sindano kwa ulimi na bahati, na bado kila alfajiri mikungu iliyotoka shimo la kuvundikia ilikuwa imepangwa, zilizoiva upande huu, za kesho upande ule, na sokoni hakuna aliyerudisha hata chana moja, wote wanasema za Mwanvita hazikosei, na yeye akajisifu, akasema haya ndiyo macho ya mtu wa Kinole… halafu Pazi akafa mfungo mosi wa mwaka jana, na wiki ya pili tu baada ya kutoka eda Bi Magdalena, mteja wake wa sokoni, akarudisha chana tatu, akasema kwa upole, "Mwanvita, hizi mbichi, bibi, au huzuni?" naye akasema huzuni. Huzuni. Alikubali huzuni kama alivyokubali ukungu. Na Pazi alikuwa akiamka kabla yake, kila siku, yule mvivu wa adhuhuri, anasema naenda kutazama shimo kama nguruwe hawajafukua, na yeye anamcheka, nguruwe gani, mzee, shimo lina mawe juu, na akirudi ana udongo mpaka kwenye viwiko, anasema "nimeona hawajafukua," anajinyoosha jamvini, analala tena… viwiko. Udongo kwenye viwiko. Mtu haingizi viwiko shimoni kutazama nguruwe. Alikuwa anazichambua. Ya Rabi, alikuwa anazichambua moja moja gizani na kuzipanga humo shimoni kabla mkewe hajaja kuzitoa, kila alfajiri, na hakusema, hata siku moja, hata kwa utani, mtu aliyetania kila kitu duniani, meno yake, uchakavu wa mkewe, mauti yenyewe, hilo moja hakulitania… alijua. Alijua kabla yake yeye. Na siku ile ya mwisho alipomshika mkono akasema "Mwanvita, sasa utaona," yeye alidhani anazungumzia peponi.

Anataka kulia na hawezi, kuna dawa, machozi na dawa vitachanganyika, na mikono ina glavu, hana cha kufutia. Kwa hiyo hakuwa peke yake. Siri aliyodhani ni yake peke yake, miaka ile yote ilikuwa imebebwa na mtu mwingine mabegani, kimya, kama mkungu, na mtu huyo hakupungukiwa kitu, hakumbeba na kitanda, hakumwita kipofu, alichambua tu ndizi akarudi kulala. Basi si aibu. Ni kazi. Mtu akiifanya kwa upendo ni kazi kama kazi nyingine… na huyu hapa, shingo ya huyu hapa, laini, ina kovu dogo la chungu cha mboga, analiona kwa kidole kovu hili, hahitaji macho, huyu ameketi na kufumba macho yake mwenyewe na kumwachia yeye kichwa, kibao cha duka, kesho ya Glory na wapambe sita, na yeye kwa woga wa chumba cha chokaa cha Kingolwira anasema bado, bado, huku nywele za mtoto zinaungua. Panya, bibi. Nani huyo? Panya tu.

Simu haijalia. Nailoni inavuja tone moja shingoni, analifuta. Cherehani inaenda, ukungu uko pale pale, manjano yale yale, Sabra anatikisa goti kwa baridi, anauliza, sauti imefungwa ndani ya taulo, "bibi, umelala?" na Mwanvita anavuta pumzi, anaweka viganja viwili juu ya mabega ya mjukuu wake, anasikia kinywa chake kinafunguka kama shimo linaloondolewa mawe.

"Mke mwenzangu," anasema, "piga kelele aje Filomena akutazame, haraka, mwanangu, macho niliyokuwa nikionea mimi tumeyazika Kinole."