Meno Yangu Mkononi mwa Munir

Mimi nikiogopa hucheka. Ni ila niliyozaliwa nayo, na adhuhuri ile nusura iniponze. Polisi wawili walioitwa na jirani wamesimama sebuleni kwetu Voi, mume wangu Munir mkono wamtoka damu, nami nimempakata Nuha, kichanga changu, nacheka hadi mbavu zauma.

"Mama, unacheka nini?" akauliza konstebo Mwangangi.

"Sijui, afande," nikasema, nikaangua kicheko kingine.

Munir ana duka, na mtaa mzima humwita muungwana. Akaunyoosha mkono taratibu. "Nimestahimili mengi, afande. Leo ameniuma."

"Mama, ni kweli umemuuma?"

"Nimemuuma, wallahi. Na nyama yake chungu."

"Amekiri," Mwangangi akamwambia mwenzake, akatoa pingu. Mimi nikilala seli, Nuha angelala na nani? Na huyo huyo muungwana. Nikamkaza mwanangu kifuani, na kicheko, mwanaharamu yule, kikazidi.

Mwenzake huyo, koplo Pauline, hakuwa na haraka. Aliugeuza mkono wa Munir kama mama wa soko la Werugha achaguaye kabichi. Alama za meno zilikuwa upande wa ndani, karibu na kiwiko.

"Huu mkono ulikuwa wapi akikuuma?"

"Hapa tu, ubavuni."

"Tuonyeshe. Mwangangi, wewe ndio mama."

Mwangangi, pande la mtu, akawa mimi. Akainama ubavuni pa Munir, akajipinda, mdomo haukufika. Munir akauinua mkono mbele. Mdomo ukafikia upande wa nje. Mwangangi alikuwa keshanogewa na mchezo. Akampa Munir mgongo, akauvuta mkono ule ukamzunguka shingoni, akashusha kidevu. Meno yakatua pale pale penye jeraha.

Wakabaki hivyo, wamekumbatiana kama maharusi. Nilicheka hadi Nuha naye akacheka, na koplo akauma mdomo asicheke. Mwangangi ndiye aliyeacha mchezo kwanza. Aliujua sasa ule mkono ulitaka nini shingoni. Akageuka polepole, akamtia Munir pingu.

Pauline akaja kuketi nami. "Mama Nuha, unaumwa wapi?"

Tangu niolewe nimeulizwa na wengi kama nastahimili. La naumwa wapi, hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikauvua mtandio shingoni.