Zuio la Seneta Tackett

...sema basi, mzee, sema tu, maneno matatu, zuio langu lipo, tangu saa moja asubuhi tunayakariri kama watoto wa chekechea, zuio langu lipo, zuio langu lipo, na sasa umeganda na kijiko hewani, mchuzi wa maharage unadondokea tai, na huyu Lindqvist wa Wizarani amekunja nne anakutazama kwa upole wa daktari aliyekwisha kuona majibu ya vipimo, Mungu wangu, na Ramona Pelkey, msaidizi wa mzee, alikuwa ameificha mikono yake chini ya meza, kucha zimezama viganjani, kwa sababu akimgusa mzee kiwiko tu ataonekana, Lindqvist haangalii supu, Lindqvist anaangalia mikono... "Swali langu dogo tu, mheshimiwa," alirudia Lindqvist, taratibu, "lile faili namba arobaini na moja, kwa upande wako, bado una neno?" Bado una neno, ndivyo wanavyoongea watu hawa, unadhani wanajadili posa, kumbe ni mabomu elfu tatu ya kuongozwa, ya kuuziwa marafiki, na marafiki hao hawatajwi jina hata humu ofisini mlango ukiwa umefungwa, yako tayari ghalani, yamefungwa vizuri, yanasubiri ndege tu, na tangu Machi ya mwaka jana hayatoki kwa sababu mzee mmoja alisema nina neno. Wala si sheria. Hilo ndilo linalowakera kule Wizarani, kwamba si sheria, ni adabu, desturi waliyoikuta, kabla serikali haijapeleka mauzo ya silaha mbele ya Bunge rasmi sharti iwaulize kwanza wakubwa wanne wa kamati mbili, kimya kimya, na mmoja tu akisema nina neno basi wanangoja, wiki, miezi, wanakuja na tabasamu na kuondoka nalo. Watatu walishasema hawana neno, mmoja wao alijibu akiwa uwanjani anacheza gofu, hakuuliza hata ni nchi gani. Amebaki huyu. Na huyu akiachia, karatasi zinapelekwa leo leo alasiri na muhuri wa dharura, ndege zinapakia usiku huu huu bila kungoja, halafu siku thelathini za kelele, hotuba, kura, na tangu sheria ya kura hiyo itungwe kura haijawahi kuzuia hata risasi moja, kila mtu katika jengo hili anajua, mlango wa kweli ni huu wa kabla ya mlango, na komeo lake ni mtu wa miaka themanini na mbili mwenye ganda la harage kidevuni.

"Neno," alisema Seneta Orville Tackett, akatabasamu, lile tabasamu lililompa ushindi mara saba kule kwao milimani, meno yote, macho yamekwenda matembezi. "Mimi sikosi neno, kijana. Muulize mtu yeyote." Lindqvist akacheka, Ramona naye akacheka, sauti yake ikamchukiza mwenyewe, sawa, mzee, hiyo ni nzuri, hiyo wataisimulia, sasa malizia, na kiti hicho alichokalia Lindqvist ndicho alichokalia Faris Maqtari, Machi ile, fundi umeme wa huko mabomu yanakoangukia, koti la kuazima mikono mirefu, alikataa chai, alikataa maji, akaweka picha mezani kama mtu anayelipia kitu. Wenzake walikuwa sita, wanatengeneza pampu ya maji ya mji, yeye akatumwa mikate, ndiyo habari yote, alitumwa mikate, na aliporudi alikuwa na mikate saba mkononi na hapakuwa na wa kumpa. Picha ilikuwa ya kipande cha bati nene la bomu, lenye namba. Namba zilikuwa safi, hazikuungua hata moja. Ramona alizikariri, akashuka kwenye kile chumba kisicho na dirisha ambamo karatasi za siri husomwa bila simu na bila kalamu, akafungua jalada la miaka minne nyuma, akazikuta zinamsubiri, shehena ile ile, na nyuma ya jalada nakala ya barua pepe ya kuiruhusu, mstari mmoja, Seneta hana neno, imeandikwa na nani, imeandikwa na R. Pelkey kwa niaba, Ijumaa, saa kumi na dakika hamsini, alikuwa anawahi ndege, dada yake alikuwa anaolewa, akala keki, akacheza mpaka viatu vikamtoka... hakumwambia Maqtari. Alimwambia mzee, na mzee akalia, wala si machozi ya kamera, alilia na kamasi juu, akapiga meza, akasema kwa jina la mama yangu hayatoki tena hata moja nikiwa hai, akaweka zuio jioni ile ile. Huyo ndiye Orville Tackett. Huyo ndiye aliyekuwa.

Na huyu sasa ni nani? Ilianza kiangazi, majina kwanza, akamwita mkuu wa wafanyakazi wake kwa jina la mbwa aliyekufa, watu wakacheka, mzee ana mizaha, halafu siku akapotea kati ya chooni na mlango wa kamati, hatua ishirini, Ramona akamkuta amesimama mbele ya sanamu anaisalimia. La kuvunda halina ubani, lakini Ramona alifukiza, weee, alifukiza! Mzee ana mafua, mzee ana kikao, mzee anasema yuko pale pale alipokuwa, barua pepe kumi na moja, mwezi hadi mwezi, kwa niaba, kwa niaba, na upande wa pili Maqtari akimwandikia tarehe mosi ya kila mwezi neno moja, bado?, naye akimjibu neno moja, bado. Jana aliandika zaidi. Wanahamisha watu wa mitaa ya karibu na pampu kwenda upande wa juu, lori ni moja, wamebakiza mitaa miwili, siku tisa hivi, dada, tukipata dizeli... "Niseme wazi, mheshimiwa, marafiki zetu wanaanza kukosa subira," Lindqvist alikuwa anaendelea, "na wao wakienda kununua kwingine, hapo hatutakuwa na sauti yoyote juu yao," ndiyo, wimbo huo, tuwauzie ili tuwaonye, mkono mtupu haulambwi, unamtilia mtu petroli mtungini ili akusikilize ukimkataza kuwasha... lakini na wewe, Ramona, na wewe usijidanganye, kuna utamu humu. Upo. Mtoto wa mpishi wa kantini ya mgodi, hukupigiwa kura hata ya uongozi wa darasa, na Wizara nzima yenye bendera mlangoni inakuja kuuliza kwako imeinamisha kichwa. Kuna asubuhi uliamka ukakumbuka hilo kabla hujakumbuka pampu.

"Zuio langu lipo," alisema Seneta.

Alisema! Wazi, kwa sauti ya jukwaani, Lindqvist akashusha mguu, na Ramona moyoni, amesema, mzee wangu, simba wangu, hakuna karatasi, hakuna kikumbusho, amesema mbele ya shahidi, nenda nayo hiyo Wizarani kwako ukaichemshe... na ndipo mzee akamgeukia yeye, si Lindqvist, yeye, kwa macho ya mtoto aliyemaliza mboga zake. "Nimesema. Nimesema vizuri, sivyo? Sasa mwite Lucille." "Ulisema nikisema vizuri atakuja. Mwite basi, supu inapoa." Lindqvist akaondoa miwani yake, akaifuta kwa ncha ya tai, hakuwa na haraka. "Bi Lucille," alisema, "mke wako, nilikuwa kwenye maziko yake, mheshimiwa. Miaka miwili sasa. Ulisoma zaburi mwenyewe." Usimwambie, mshenzi wewe, usimwambie hivyo, kila anapoambiwa ni mara ya kwanza, na uso wa mzee ukaanza kujikunja polepole kuanzia mdomoni, na Ramona alijua mpangilio wake, mdomo, kisha kidevu, kisha mikono, alijua kwa sababu asubuhi ya leo saa mbili kasorobo aliutazama wote mpaka mwisho. Pampu gani, mzee aliuliza asubuhi. Kwani Lucille amekwenda wapi. Amekufa, mheshimiwa, rudia, zuio langu lipo. Amekufa?! Akalia. Akasahau. Lucille yuko wapi. Mara tatu hivyo, na saa inakwenda, na ya nne Ramona akasema, yuko nje kwenye gari, ukiyasema vizuri mbele ya mgeni ataingia. Akayashika mara moja. Baada ya hapo hakukosea hata neno. Ramona alimfuta uso kwa leso, akamfunga tai, akaona hii dawa kumbe ilikuwepo siku zote.

"Bi Ramona," Lindqvist alikuwa amevaa miwani tena, na sasa alikuwa anaongea naye, na mzee alikuwa fanicha, "tumefahamiana miaka mingi, si ndiyo? Mimi si mtu mbaya. Sikuja hapa kumdhalilisha mzee wa watu." Njia ya mwongo ni fupi, bibi yake alikuwa akisema, lakini hakusema mwishoni mwa njia hiyo utamkuta mtu mstaarabu hivi. "Ukiniambia Seneta hana neno, naandika hana neno, natoka, na nilichokiona humu chumbani nitakizika. Atamaliza kipindi chake. Watampa jina la daraja huko kwao. Na wewe utabaki na kiti chako. Lakini ukiniambia zuio lipo," akainua mikono, ona, yangu ni myeupe, "nitalazimika kuuliza kwa maandishi, lipo kwa nani. Unanielewa. Kwa wakubwa wa chama chake. Na magazeti nayo yatapata nakala, humu vitu huvuja, unajua mwenyewe. Atakayewekwa mahali pake hatakuwa na neno, hilo nimekwisha kuhakikisha. Kwa hiyo mabomu yatakwenda, mama. Kwa vyovyote yatakwenda. Niandike nini?"

Kwa vyovyote. Mzee alikuwa analia bila sauti sasa, imefika kwenye mikono, na Ramona akajiona anapiga hesabu, hakuitafuta, ilikuja yenyewe, baridi na safi, barua ya Lindqvist inaandikwa kesho, wakubwa wanakutana Jumanne, watampeleka kwa madaktari ili wasiwe wao waliosema, watabishana nani achukue kiti, wanne wanakitaka, siku kumi, zikikosa sana siku kumi, wakigombana vizuri kumi na mbili. Lori moja, mitaa miwili, siku tisa wakipata dizeli. Na upande wa pili wa mizani mtu mmoja, ambaye watamweka mbele ya kamera na kumuuliza leo ni mwaka gani, na atatabasamu, na atamwita mwandishi wa habari Lucille, na nchi nzima itacheka pamoja na chakula cha jioni, miaka thelathini na minane imekwisha kwenye kipande cha sekunde ishirini ambacho watoto watatumiana shuleni. Ni yeye aliyempa Ramona kazi alipokuwa hana hata sketi ya heshima. Alimlipia mama yake hospitali, hakumwambia mtu. Ramona alisubiri huruma ije. Aliisubiri kweli, kama mtu anayesubiri chafya, alimtazama mzee huyo anayetetemeka na ganda la harage kidevuni akangoja kifua kibane, na hakikubana, kulikuwa na kazi tu, kama Ijumaa ile alipoituma barua pepe akiwahi ndege, kumbe ni kile kile, kumbe hakuwa amebadilika hata chembe, alikuwa amegeuza tu upande wa kusukuma.

"Umemsikia mwenyewe," alisema. "Andika hivyo. Zuio lipo." Kwa mara ya kwanza tabasamu lilimfutika Lindqvist usoni, akasema polepole, "Utamfanyia hivyo? Wewe?" na halikuwa swali. Mzee alikuwa amesahau tena kwa nini analia. Alijifuta kwa kiganja, akaona kuna mgeni, akamtabasamia, akaunyoosha mkono wake wenye madoa juu ya meza na kuushika wa Ramona, akaubana. "Huyu binti," alimwambia Lindqvist kwa fahari, "bila yeye wangekwisha kunila zamani. Ananipenda huyu." Ramona aliuacha mkono wake pale pale, ubanwe, na kichwani alikuwa kwenye siku ya tatu ya hesabu yake, anafikiria ni nani kati ya wale wanne wanaokitaka kiti angeweza kuchonganishwa na mwenzake, ili siku zifike kumi na tatu.