Jina la Aliyeendesha

Na ni Immy aliyeniambia kwanza, Immy wa kibanda cha kutuma pesa hapa Bwera, asingeniambia nisingekuwa hapa polisi, jana alikuwa akiwatafutia watu tiketi zao za trafiki kwenye simu, mtu anataja namba ya pikipiki, yeye anabonyeza, kisha mtu ama anacheka ama ananyamaza, nami nilikuwa nimepita kununua sabuni tu, akaniita mbele za watu, Biira, leta na yenu tuone, nikataja, akabonyeza, akapiga kofi, "Ee! Kumbe mpole huyu anatafutwa kuliko wezi, ana tatu!", wakacheka, nikacheka nami nikitazama miguu yangu, maana pikipiki ni ya mume wangu, jina tu ndilo langu, yeye kwao ni Kasindi ng'ambo ya mpaka, hana kitambulisho cha Uganda, siku ya kuinunua walitaka kitambulisho, nikatoa changu, nikaandika jina langu polepole bila kukosea, ikawa yangu... na sasa afande Ahabwe ameshika kalamu, ananitazama, ameuliza mara mbili na bado sijafungua mdomo, "Nyabo, bibi, nani alikuwa anaendesha siku hiyo?", mtoto wangu Masika amelala mgongoni, jasho lake limeingia kwenye gauni langu, ningemhamishia kifuani lakini nikisogea afande atadhani nataka kujibu... nilidhani nitalipa nimalize, nilikuja bila kumwambia baba yake ili jioni nimwambie tumesafishwa, hatudaiwi na mtu, na mwanzo ulikuwa mzuri, tiketi ya kwanza afande aliisoma kama anayesoma matangazo ya kanisani, kupakia watu zaidi ya mmoja, hakuna kofia, hakusimama kwenye kizuizi, akataja tarehe, nikatabasamu, mimi nikatabasamu hapa polisi, kwa sababu tarehe hiyo ni ya kuzaliwa Masika, ni asubuhi ile ya mvua, uchungu umekwama, mkunga wa Nyakiyumbu amesema mkimbizeni hospitali, mimi katikati, mama mkwe nyuma yangu amenikumbatia kwa mikono miwili, mume wangu mbele, matope hadi magotini, askari wakatupungia tusimame akawapita kama miti ya barabarani, na kila kilima anageuza kichwa nusu, anaita, "Mama, uko?", nami najibu niko, tena tunashuka, tena tunapanda, "Mama, uko?", niko, na kuna mahali niliona kunyamaza ni rahisi, ni kama kulala, sikutaka tena kujibu, na ile sauti ikaja mbele yangu kwenye mvua, mama, uko, uko, nikasema niko, nikafika, akazaliwa... hiyo faini ningeilipa nikiimba. Ya pili ilikuwa Mubuku, amebeba magunia ya mchele kichwa wazi, afande akasema, "Huyu mtu wako kichwa chake ni cha chuma?", na yule askari wa kike aliyeketi mlangoni, wanamwita Ajok, akasema labda hakuna kitu cha kulinda humo ndani, tukacheka wote watatu, nikafikiri watu wa polisi ni watu tu... kisha akafunua karatasi ya tatu akaacha kucheka. "Hii haina benki," akasema, "hii si ya kulipa." Katwe, kwenye ziwa la chumvi, jioni, mwanamke mmoja Kenyangi, mchota chumvi, anarudi nyumbani na mzigo kichwani, pikipiki imempiga kwa nyuma, mguu umevunjika mfupa ukatoka nje, na chumvi yake ikamwagikia palepale, watu waliokuwa ziwani wakaishika namba, namba yangu, sasa yuko hospitali Kasese na madaktari wanasema mguu huenda ukakatwa, na mimi nilikuwa bado nasema moyoni si sisi, siku hiyo mume wangu alitoka Mubuku, aliniambia mwenyewe ametoka Mubuku, namba watu wanakosea, jioni macho hayaoni vizuri, nilikuwa tayari kumwambia afande hivyo, nimeshayapanga maneno, afande akaendelea kusoma maneno ya yule mama kama alivyoyatoa kitandani, mwenye pikipiki alisimama mbele kidogo, hakuzima injini, akageuza kichwa, akaniuliza, Mama, uko? Nikasema niko, nisaidie. Akaondoka... afande alisoma bila kupandisha sauti, hakujua amesoma nini, akageuza ukurasa, akapenga kamasi, nami nikaisikia ile sauti humu ndani ya ofisi, ileile, na mvua yake... mbuzi, alisema ni mbuzi, siku ile mume wangu alirudi taa ya mbele imevunjika, akasema, "Mbuzi iliruka mu njia pale Nyakiyumbu, ile mbuzi iko na kichwa nguvu kunishinda," tukacheka, mama yake akauliza, na mwenye mbuzi je, akasema, "Ye iko natafuta mbuzi," tukacheka tena, akala, akaomba ugali mwingine, akamrusha Masika juu akamdaka, akamrusha akamdaka, nami nikachukua kitambaa nikaifuta taa, kesho yake kitambaa kimekauka kigumu kwenye kamba, kina weupe kwenye mikunjo, nikadhani ni sabuni haikutoka, nikakisuuza tena... mbuzi habebi chumvi. "Nyabo, unalala?", hapana afande, "Basi mume wako ndiye anaendesha, si ndiyo?", sijui kichwa changu kimefanya nini, labda kimekubali, "Anaitwa nani?", nikasema Baba Masika, nimesikia nikisema, sauti ndogo kama ya mtu aliyeko chini ya blanketi, akatupa kalamu mezani, "Baba Masika! Huku kwenu kila msichana wa kwanza ni Masika, sasa nikakamate wanaume wa wilaya nzima?", Ajok kule mlangoni akacheka, "Mwache afande, wa huku hawataji waume zao," "Na siku ya harusi padri alimwita nani, Baba Mtarajiwa?", na wale wanaosubiri kwenye benchi wakacheka, kuna mzee alicheka mpaka akakohoa, uso wangu unawaka... si woga, wangejua, si ujinga, mama mkwe Kabugho alinikalisha wiki niliyoolewa, akaniambia jina la mwanaume halikai kinywani mwa mkewe, ukilitaja unamvua nguo mbele za watu, nami sijalitaja, hata kwenye uchungu sikulitaja, hata ndani ya nyumba tukiwa wawili, naliandika, niliwahi kuliandika kwenye mchanga na kidole ili nilione lilivyo nikalifuta kabla mtu hajapita... nikilitaja leo watakuja na bunduki nyumbani, mgeni hana karatasi, hana leseni, watamfunga kisha watamtupa ng'ambo, na mama yake atanitazama tu kila ninapompa chai, na Masika ataota meno bila wa kumrusha, na nisipolitaja afande ameshasema, pikipiki ni yako, kosa ni lako, mkubwa wa trafiki anakuja kesho asubuhi kutoka Kasese kuchukua faili, akute jina moja, lake ama lako, na mtoto anayenyonya huingia jela na mama yake... ningesema ni mimi, wangeniambia haya, panda, tuone unavyoingiza gia, benchi lingecheka tena... ama nisiseme chochote kwa mtu yeyote, jioni nimnong'oneze tu, ondoka, daraja la mpakani liko hapo, watu wanavuka na mikungu ya ndizi kutwa, nani atamwona, kufika usiku yuko kwao, na mimi nitasema alikimbia, na itakuwa kweli, ni rahisi, ni rahisi sana, mbona nisifanye, mtu aliyenileta hai kwenye mvua, nina deni gani kwa mwanamke wa Katwe ambaye hata sura yake siijui, hana lolote langu, ila... aliitika. Aliulizwa uko, akasema niko. Mimi niliposema niko nilibebwa, yeye aliposema niko alisikia injini ikienda, akabaki ameketi kwenye chumvi yake na jibu mdomoni, sasa amelala Kasese wanaupima mguu wake wakatie wapi, na kama watu wa ziwani wasingeishika namba asingejua mpaka anakufa kama ni mtu aliyemuuliza au ni homa... kwa nini alimuuliza, angepita tu ningeweza kusema hakuona, angesimama asigeuke ningeweza kusema aliogopa, lakini aligeuka, alimsikia, alijua ni mtu na yuko hai, kisha akaja nyumbani akaomba ugali mwingine, na akalala, najua alilala, mimi ndiye niliyemfunika... na mvua ile, je, ningekuwa si mkewe, ningekuwa mwanamke tu njiani, sitaki kuliwaza hilo, limekuja lenyewe, limeketi. Afande Ahabwe ametazama saa yake, kisha nje, sauti yake imeshuka, sasa haniongeleshi kama mtu wa kuchekwa, "Sikiliza mama, mimi nina dada kama wewe, sitaki kukulaza hapa na mtoto, nenda, uje kesho mapema kabla mkubwa hajafika," kitambulisho changu hakukirudisha, amekiweka juu ya karatasi ya Katwe, uso wangu mdogo unatazama juu pale pale palipoandikwa Mama, uko, na kalamu bado iko mezani alipoitupa, benchi bado limejaa, Masika bado amelala, hakuna kilichosogea humu ndani, hata nzi aliye ukutani ni yuleyule, ila mimi, nimemhamishia Masika kifuani bila kujua.

Asubuhi nilimwambia mume wangu nampeleka Masika chanjo. Alisema hawezi kutuacha tutembee na jua lile, akatupakia, akaendesha taratibu akikwepa mashimo, na mara moja akageuza kichwa akauliza kama tuko, nikamshika kiunoni tu. Kwenye geti la polisi nikamwambia simama hapa. Alisimama, akazima injini, hakuuliza. Niliingia ndani nikasimama mbele ya yule mkubwa kutoka Kasese, nikafungua mdomo nikasema, anaitwa Philippe, na nilipotoka na afande Ahabwe nyuma yangu, bado alikuwa ameketi juu ya pikipiki, akitusubiri.