Nani Anamaliza Maji ya Waipa?

Kiangazi kimekaza, anga halina hata wingu la kusingiziwa, halafu eti gari linamaliza maji ya kuoshea kioo kila siku. Hebu niambie wewe. Yanakwenda wapi?

Mimi ni dobi. Nafulia nyumba za wageni na watu binafsi, na kazi hii imenifundisha kutomwamini mtu. Mtu anakuambia alikuwa msibani, kola ya shati lake inakuambia alikuwa na aliyejipaka poda. Waume wa wenzangu nawajua kuliko wake zao wanavyowajua. Wangu nilikuwa nikijidai naye: huyu hana mambo, shati lake lina jasho lake tu.

Tuna basi dogo, kuukuu, lakini linakwenda. Asubuhi ni langu, napeleka mashuka yaliyopigwa pasi na kuchukua machafu. Mchana ni la mume wangu, anakwenda kuchukua watoto wa chekechea na kumrudisha kila mmoja kwao, na binti yetu wa mwisho anakaa naye kiti cha mbele. Mgawanyo huo ndio unaotulisha. Hatujawahi kugombana juu yake, labda kidogo tu, nani kaacha kiti kimesogezwa na nani kaacha maganda ya njugu.

Basi asubuhi moja naingia garini, nawasha, waipa zikaruka zenyewe. Krrr, krrr, mpira mkavu juu ya kioo kikavu. Roho ikanipaa. Nikakitazama kijiti cha waipa kando ya usukani. Kwa asiyekijua, kina vituo vyake: ukikisukuma juu, waipa zinafuta mara moja na kunyamaza. Ukikishusha kituo cha kwanza zinafuta na kupumzika, zinafuta na kupumzika. Cha pili, zinakwenda taratibu bila kukoma. Cha tatu ni mbio, ile ya mvua ya kumwaga. Mimi nilikikuta kituo cha tatu. Mvua ya wapi, jamani?

Nikakivuta kuelekea kifuani, maana ukikivuta ndipo maji yanaporuka kutoka vitundu vya juu ya boneti na waipa zikayafuata. Kikaguna tu. Hakuna hata tone, na kichupa nilikuwa nimekijaza mwenyewe jana yake, mpaka mdomoni.

"Baba watoto," nikamwambia jioni, "yale maji ya kioo umeyanywa?"

"Kioo kilikuwa kichafu," akasema, na macho yake yalikuwa kwenye sahani.

"Kichafu cha nini?"

"Cha uchafu. Mama watoto, niache nile."

Nikamwacha ale. Lakini nikajaza tena, na kesho yake kichupa kikavu tena. Nikajaza, kikavu. Nikaanza sasa kuyaona mengine ambayo nilikuwa nayapita. Mume wangu siku hizi anaondoka nyumbani mapema mno, kabla hata chekechea haijafikiria kuwafungulia watoto geti. Ukimuuliza, anasema anakwenda taratibu. Taratibu gani ya kumtoa mtu na chakula mdomoni? Nilisuka nywele mpya, za kichwa kizima, akanipita sebuleni kana kwamba kichwa ni kilekile cha jana. Na siku moja nilikuwa nimesimama ng'ambo ya barabara na furushi langu kichwani, akapita na gari, nikampungia mkono mzima, akaendelea na safari yake. Hata kope hakupepesa. Niliumia, sitaficha. Nilibaki na mkono hewani, muuza mkaa akanionea huruma akanipungia yeye.

Shoga yangu tunayepiga naye pasi alinisikiliza mpaka mwisho, akaiweka pasi yake pembeni. Huyu akiiweka pasi ujue kuna neno.

"Shoga, mwanaume haoshi kioo bure. Kuna anayekaa mbele."

"Anayekaa mbele ni binti yangu."

"Kabla ya kumchukua binti yako, je?"

Nikaikandamiza pasi yangu juu ya shuka. Akaendelea, "Vumbi katika mji huu liko wapi? Si kule machimbo ya kokoto? Na nani anakaa kule?"

Hakuhitaji kumtaja. Kule anakaa mshona mapazia, ambaye kabla yangu nusura awe mke wa mume wangu. Sasa ni mjane, na ana mdomo mtamu. Lisemwalo lipo, kama halipo laja, ndivyo alivyoniambia shoga yangu, akaichukua pasi yake akaendelea na mashuka ya watu. Mimi shuka langu nililiunguza.

Nikalikagua gari. Halikuwa na vumbi. Matairi safi, milango safi. Badala ya kutulia, nikazidi kuchemka: kumbe analiosha lote kabla ya kurudi! Mtu asiye na hatia huwa na vumbi kidogo.

Bado nilitaka kumtendea haki. Nikalipeleka gari kwa fundi, labda kichupa kinavuja. Fundi wetu ni mtu wa maneno machache na mikono mirefu. Alifungua boneti, akafuata mpira wa maji kwa kidole toka kwenye kichupa mpaka kwenye vitundu, akaniambia nivute kijiti. Nikavuta. Maji yakaruka safi pande zote mbili. Akainama tena, akasikiliza kimota kinachosukuma maji.

"Hapavuji," akasema. "Ila kimota kimechoka, kama kimefanya kazi masika nzima. Na mipira ya waipa naona mipya."

"Mipya?"

"Mume wako si alikuja kununua wiki ile? Na kabla ya hapo alinunua mingine. Nikamwambia ile bado mizima, akasema haifuti."

Nikamshukuru, nikaondoka. Mwanaume aliyekuwa akiendesha na soli zilizotoboka, leo ananunulia gari viatu vipya kila mara. Kwa ajili ya nani?

Hapo ndipo nikaingiza udobi wangu. Nina buluu ya kufulia, ile ya kung'arisha mashuka meupe. Tone moja tu katika maji halionekani ukiyatazama kwenye kichupa, lakini yakikauka juu ya kitu yanaacha ukingo wa rangi. Nikatia tone kwenye kichupa cha gari. Sawa, nilitia zaidi ya tone. Hasira haina kipimo. Nikasema kama ni kuvuja nitaona buluu chini, kama ni kuosha nitaiona juu.

Jioni alirudi, nikatoka na kisingizio cha kuanua nguo. Kioo cha mbele kilikuwa na mistari miwili ya buluu, mviringo kila upande, pale waipa zinapoishia safari yao. Kichupa kikavu. Chini ya gari hapana kitu. Kwa hiyo alikuwa akiosha, tena kwa kurudia na kurudia, mpaka tone la mwisho. Nikaenda bafuni nikalia nikiwa nimefungua bomba, watoto wasisikie.

Na yeye akaanza vituko vyake. Asubuhi iliyofuata nilimchungulia kupitia dirisha la jikoni. Alifungua boneti, akachovya kidole kwenye kichupa, akakinusa. Akakipeleka ulimini. Akageuka kuutazama mlango wa nyumba, kwa muda, uso ameukunja. Nikajua ameshtuka kwamba natega. Tangu siku hiyo tukawa tunaishi kama paka wawili kwenye ukuta mmoja. Nikimpa chai anaitazama kabla hajainywa. Akiniuliza naenda wapi, namjibu nusu.

Nikakata shauri. Nikapanga nguo zangu na za binti chini ya furushi la mashuka. Nitapanda naye gari leo, nitamwona anavyokata kona kuelekea machimbo, na akikata tu, ndoa imekwisha. Sitapiga kelele. Nitashuka na furushi langu, nimpitie binti chekechea, niende kwa mama. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo ndiyo kazi yangu, sitashindwa kukung'uta.

"Leo tunakwenda wote," nikamwambia mchana.

"Kufanya nini?"

"Kumchukua mwanangu. Kuna sheria?"

Alinitazama, au alinielekezea uso, nikaona midomo yake inataka kukataa na inakosa sababu. "Panda," akasema.

Akaendesha. Kweli taratibu, baiskeli zilitupita. Barabara ya lami, jua kali la mchana, kioo nilikuwa nimekisugua mwenyewe asubuhi mpaka kinateleza. Hatujafika hata sokoni, akakivuta kijiti. Fsss, maji. Waipa zikaja zikarudi. Nikakumbatia furushi langu. Mbele kidogo akavuta tena. Akakishusha kijiti kituo cha kwanza, kisha cha pili, kisha cha tatu, waipa zinapiga mbio juu ya kioo kisicho na kitu, na yeye amenyoosha shingo mbele kama anayesoma hati ndogo.

Tukafika njiapanda ya machimbo. Nikashika kitasa cha mlango.

Hakukata kona. Alipita moja kwa moja, wala hakugeuza uso kuitazama ile njia.

Nikachanganyikiwa. Akavuta kijiti tena. "Hivi unaosha nini?" nikapasuka. "Kioo kinang'aa!"

"Kinang'aa wapi? Huoni huu ukungu?"

"Ukungu upi?"

Nikachukua kitambaa cheupe kutoka kwenye furushi, nikafuta kioo kwa ndani upande wake, toka juu mpaka chini. Nikakitazama. Cheupe vilevile. Mimi uchafu naujua, nimekula kwa uchafu maisha yangu yote. Pale hapakuwa na uchafu.

Akawasha indiketa, akasogea kando ya barabara, akasimamisha gari.

"Sasa tuseme ukweli," akasema. "Unatia nini kwenye yale maji?"

"Mimi?"

"Wewe. Nimeyaonja, yana dawa. Sabuni zako, sijui madawa yako ya kufulia. Kila siku kioo kinazidi kuwa na ukungu, nanunua mipira mipya, ukungu uko palepale. Nikija nyumbani nyumba imejaa mvuke wa masufuria yako, sikuoni hata sura. Nimekukosea nini, mama watoto? Kama hunitaki, niambie. Lakini nabeba watoto wa watu humu!"

Nilifungua mdomo nimjibu kwa hasira, maana hasira ndiyo niliyokuwa nimeiandaa. Nikalisikia alilolisema. Mvuke wa masufuria. Leo sikuwa nimechemsha nguo. Wala jana. Maji yalikatika tangu juzi, tulikuwa tunapiga pasi tu.

"Baba watoto," nikasema, na sauti yangu mwenyewe sikuitambua, "shusha dirisha lako."

"La nini?"

"Shusha tu."

Akalishusha.

"Toa kichwa nje. Chote. Sasa hakuna kioo, hakuna waipa, hakuna maji yangu. Tazama mbele, uniambie unaona nini."

Alitoa kichwa nje. Mbele yetu palikuwa na duka la vifaa vya ujenzi lenye kibao kirefu kuliko gari letu, herufi nyekundu kila moja ukubwa wa mtoto. Chini yake mwanamke alikuwa anavuka barabara akimshika mtoto mkono. Jua lilikuwa linawaka juu ya kila kitu.

Alitazama. Akafumba macho, akayasugua kwa kiganja, akatazama tena. Waipa zilikuwa bado zinakwenda mbio, sikuthubutu kugusa kijiti. Nilimwombea aseme kibao. Aseme mwanamke. Nikajikuta nasema moyoni, heri angekuwa na mshona mapazia, heri ingekuwa mapenzi, ningegombana naye mpaka mji uhame, lakini kesho yake angeniona.

"Ni ukungu," akasema, kichwa kikiwa bado nje.

Nikanyoosha mkono, nikakirudisha kijiti mahali pake, waipa zikatulia.

"Mama watoto. Ni ukungu uleule."

Akarudisha kichwa ndani polepole, akakaa. Alinigeukia, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba hanitazami mimi, anatazama mahali sauti yangu inapotokea.

"Jana niliwabeba," akasema. "Wote. Binti yetu alikuwa hapo ulipokaa, ananiambia, baba, simama, kuna mtu. Nikamwambia akae vizuri aache utoto."

Nilishuka, nikazunguka mbele ya gari, nikafungua mlango wake. Alinishika mkono, akashuka kwa kupapasa ngazi kwa mguu, na sisi wote wawili tukasimama pale kando ya barabara tukilia mbele za watu. Kengele ya chekechea ilikuwa karibu kulia, na watoto wangetoka kumngoja getini.