Aliyekuwa Akiitazama Picha ya Rahila

Kila asubuhi, baada ya sala, niliweka picha ileile kwenye status: Rahila kavaa baibui jipya, anacheka, begi miguuni. Chini yake nilihesabu siku, hadi nikafika: Siku ya hamsini na nane. Rahila yuko wapi?

Alikwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani. Wakala ndiye aliyempeleka. Wiki ya tatu alimpigia mama yake akilia, simu ikakatika. Toka hapo, kimya. Mimi na yeye tulisoma dawati moja hapa Wete. Nilipata digrii, kazi sijapata. Nililoweza kumfanyia ni kutokubali asahauliwe. Watu walisambaza. Redio ilinihoji. Ofisi moja ikafungua jalada.

Siku ya hamsini na tisa, kwa mara ya kwanza, niliipitia orodha ya walioiona. Jina la juu kabisa: Rahila.

Kesho yake likatokea tena, baada ya alfajiri. Nikaipiga namba yake, iliita bila kupokewa. Nikaandika kwa herufi kubwa: RAHILA YU HAI, AMEONA!

Alhamdulillahi zikamiminika, kisha watu wakatawanyika. "Sasa tupumzishe na picha hiyo, dada," aliandika mmoja. "Hata muuza vitenge hubadilisha picha."

Afisa wa ile ofisi naye akaniambia, "Kama anaangalia status, hajapotea. Tunalifunga jalada."

Nikaenda kijijini Msuka kwa mama yake Rahila, Bi Mwanabaraka. Nilimkuta barazani, uso umemnawiri, kisimu chake cha kitochi mapajani.

"Karibu Nadhira! Jirani kanambia, Rahila wangu kaiona picha yake. Miye tangu juzi nakula, nashiba."

"Alhamdulillahi, bi."

"Na miye huiona. Kila nikimaliza kusali."

"Kwa kitochi hicho?"

Alicheka. "Kitochi kina picha, weye? Ngoja."

Aliingia ndani, akafungua sanduku la kanga, akatoka na simu yenye kioo kilichopasuka. Nyuma ilikuwa na kibandiko cha waridi. Nilikibandika mwenyewe kwenye simu ya Rahila, tukiwa kidato cha nne.

"Wakala aliwambia waache simu na laini zao, watapewa nyengine kulekule. Rahila akanifundisha pa kubonyeza. Sijamwonesha mtu, wasije wakaiazima. Ikilia siigusi, Rahila hupiga kwenye kitochi. Nautazama uso wake tu, kisha nazima."

Ningeweza kunyamaza. Mama huyu angeendelea kula. Lakini huko aliko Rahila, hakuna tena aliyekuwa akimtafuta, na sababu ni maneno yangu.

Nilimshika mkono, nikamweleza: simu hii ikifungua picha, kwangu hutokea jina la Rahila.

Aliigeuza simu, akakitazama kile kibandiko.

"Basi alokuwa akiangalia ni miye."

"Ni weye, bi. Nisamehe."

Alipangusa kioo kwa ncha ya kanga. Tangu mwanzo alikuwa amekataa sauti yake isikike kwa wanaume asiowajua. Sasa akauliza, "Nikisema humo, hao wa ofisini watanisikia?"

"Watasikia."

"Washa."

Siku ya sitini na tatu niliandika kosa langu lote, na chini yake nikaweka sauti ya Bi Mwanabaraka akimwita mwanawe kwa jina, mara tatu, kama anayemwita aje kula. Kufika adhuhuri afisa alinipigia. Aliomba namba ya wakala.

Leo ni siku ya sitini na nne. Jina la juu kabisa kwenye orodha ni Rahila. Najua ni nani. Moyo umeruka vilevile.