Sajini Naftali Akaa Chini

Naftali wa Suji alirudi kutoka vita vya Burma akiwa na kovu shingoni na sauti iliyowahi kusimamisha kikosi kizima cha Keya, jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza. Bwana Shauri, Mwingereza aliyetawala wilaya ya Same, akaona mtu ndiye huyu. Akamfanya mkuu wa askari wa boma.

Haukupita muda ikaja kodi mpya, ya kila mtu kukisiwa mali yake, na wakisiaji hawakuwa na haya. Wapare wakakataa. Wakateremka milimani kundi kwa kundi, wakajaa uwanja wa boma, wakipika na kuimba tenzi papo hapo.

"Sajini, watimue," Bwana Shauri akaamuru. "Kwa virungu."

Naftali akawapanga vijana wake. Mbele kabisa ya umati alikaa mjomba wake, Mzee Tumainieli, akimenya kiazi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekuja kunisalimu au kunipiga?"

Burma, Naftali aliambiwa anapigana ili wanyonge wasionewe. Aliliamini neno lile, na bado aliliamini. Akageuka.

"Askari! Virungu chini!"

Vikaanguka vyote. Akavua kofia, akamkabidhi Bwana Shauri, akaenda kuketi kando ya mjomba wake.

Hakuketi bure. Umati ule aliugawa kwa vijiji, kila kijiji na zamu zake: hawa maji, hawa kuni, hawa kulala. Gideoni, kijana mwenye hasira, alipokuja na panga, Naftali alimpokonya.

"Tunawaogopa?" Gideoni akafoka.

"Vita nimeviona, ndugu yangu. Atakayerusha jiwe leo amewapa sababu ya kutupiga risasi. Kaa."

Gideoni akakaa.

Askari wageni walipoletwa kumkamata, Naftali alimwambia mkewe neno moja tu: "Zamu, Lea."

Bwana Shauri alidhani mwili bila kichwa utaanguka. Kesho yake akamkuta Lea amesimama uwanjani akiita watu wa kijiji cha Msangeni wakateke maji, na wanawake wengine wakishuka kutoka milimani, watoto migongoni.

Mwishowe serikali ilichoka kabla yao. Kodi ile ikafutwa, Naftali akafunguliwa kutoka gereza la mbali. Aliposhuka garimoshi Same, vijana walitaka kumbeba juu juu.

"Niacheni, miguu ninayo," akasema akicheka. Akamshika Lea mkono, wakaanza kuupanda mlima, huku Mzee Tumainieli akilalamika nyuma kwamba wanajeshi hawajui kutembea polepole.