Pale Darius Alipokosea

Jumatatu, saa nne asubuhi, mashine ya kurekodi ilimgomea Akilimali. Haikuzimika, haikutoa moshi. Ilifanya kila ilichoambiwa, kisha ikamwacha mikono mitupu.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Katika ubeti wa tatu wa wimbo mmoja kulikuwa na maneno ya kutoa, na mistari miwili ya kuimba mahali pake. Wenye kazi hiyo huiita kupachika: wimbo unapigwa tangu mwanzo, ukifika pale palipoharibika mashine inarekodi juu ya sauti ya zamani, ukipita pale inaacha. Cha zamani kinafutika, kipya kinakaa, na msikilizaji hajui kitu. Akilimali aliweka alama ya mwanzo na alama ya mwisho, akachagua njia ya sauti ya tano kati ya nane za mashine, akabonyeza, akakimbilia kwenye mikro nyuma ya godoro la kuzuia mwangwi, akavaa kaske masikioni, akaimba. Alijisikia akiimba vizuri. Akarudi kusikiliza. Alichoimba hakikuwepo hata kidogo. Palepale pa siku zote Darius, mwenzake wa kuimba, alikuwa akiongea huku gitaa la Akilimali likiendelea:

“Akili, endelea tu. Nimekosea hapa. Tutairudia kesho.”

Kisha kicheko kifupi, kisha kiitikio mpaka mwisho wa wimbo.

Darius hakuirudia kesho wala siku nyingine. Jioni ileile aliteremka kwenda kwake Kinama kabla basi hazijaisha, vita vikaingia Kinama kabla hakujapambazuka, na risasi haikumuuliza kama ana wimbo wa kumaliza. Mwaka ulikuwa umepita tangu hapo.

Gereji waliyoigeuza studio ilikuwa ya Mzee Népomuscène, karani wa wizara, huko Mutanga Nord. Gari la mzee lilichukuliwa vita vilipoanza, halikurudi, na yeye akawapangisha lile pengo lake. Wakagongomea magodoro ukutani, wakaweka mashine ya kurekodi waliyoachiwa na padri mmoja aliyerudi kwao. Akilimali alikuwa Mkongomani wa Uvira, alikimbia bila mbele wala nyuma, na mjini Bujumbura hakuwa na ndugu. Alikuwa na Darius. Watu wengine walimwita fundi, au yule Mkongomani, na waliojitahidi sana walimwita Akilimali. Aliyemwita Akili alikuwa mmoja tu.

Jumamosi ya wiki hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kuondoa matanga ya mwaka, ambayo Warundi wanaiita kuganduka. Familia inakunywa na majirani, inatangaza kwamba kilio kimekwisha, watu wanarudi kwenye kazi zao na harusi zao. Consolée, mjane wa Darius, aliomba wimbo ule upigwe. Akilimali mwenyewe ndiye aliyewaeleza kilichomo katika ubeti wa tatu, kwa sababu uongo haukuwa desturi yake, wakati huo. Callixte, kaka mkubwa wa marehemu, akatoa sharti. Mama yao atakuwepo. Mtu aliyezikwa hawezi kumwambia mama yake “tutairudia kesho” siku ya kuondoa matanga. Mama ataanza kumngojea upya, na matanga yatakuwa hayajaondoka. Kwa hiyo maneno yale yafutwe, na Akilimali aimbe pale. Wote waliona ni haki. Hata yeye, mbele za watu, aliona ni haki.

Basi akaanza kutafuta ugonjwa wa mashine. Kitabu cha maelezo hakikuwepo. Darius ndiye aliyekuwa akikisoma, akakipeleka nyumbani, na nyumba iliungua nacho. Akilimali alipapasa tu. Alidhani diski imejaa, akafuta majaribio ya kwaya moja, haikusaidia. Alidhani njia ya tano haijaruhusiwa kurekodi, lakini taa yake ilikuwa inawaka. Alidhani ameweka alama ya mwisho kabla ya alama ya mwanzo, kosa ambalo liliwahi kuwapotezea siku nzima, lakini zilikuwa zimekaa sawa. Akabadilisha waya, akabadilisha mikro. Saa nane umeme ukakatika kwa zamu ya mtaa, akala maharage baridi akingoja urudi. Uliporudi akaimba tena, vizuri kuliko mwanzo. Akasikiliza. Akili, endelea tu.

Jumanne ndipo alipoona kitu ambacho mtu mwenye haraka hakioni. Taa nyekundu ya kurekodi haikuwaka moja kwa moja wimbo ulipofika kwenye kipande. Ilipepesa. Na kwenye kioo cha mashine, chini ya alama zake mbili, kulikuwa na neno refu la Kiingereza ambalo siku zote alilichukulia kuwa ni mapambo. Akaliandika kiganjani kwa kalamu, akavuka ua, akamwonyesha Mzee Népomuscène, aliyekuwa na kamusi na aliyependa sana kuulizwa. Mzee alivaa miwani, akafungua kurasa bila haraka, akasema hiyo ni répétition, ni mazoezi. Halafu akasema mengi kuhusu Kiingereza ambayo hayakuombwa na mtu.

Kwa wimbo huu peke yake, mashine ilikuwa imewekwa kwenye mazoezi; nyingine ilizirekodi kama kawaida. Unaimba, unajisikia masikioni, na yenyewe haihifadhi kitu. Nani aliiweka hivyo? Akilimali alisimama katikati ya ua, na jibu likamjia taratibu.

Tangu zamani alikuwa na ugonjwa wa kutetemeka. Akijua anarekodiwa, koo linakauka, anaimba kama mtu anayekabwa. Darius alikuwa na njia yake. Anasema, hii ni ya kweli, Akili, na Akilimali anaimba mara mbili za kutia huruma. Kisha Darius anasema, haya, nimezima, imba moja ya kujifurahisha. Anaimba ya kujifurahisha. Kaseti ikitoka, sauti yake ni safi, na miaka yote miwili alijiambia kwamba kumbe kutetemeka husikika ndani ya mtu tu, nje hakusikiki. Sasa alielewa. Zile mbili za kweli hazikuwahi kurekodiwa. Zilikuwa mazoezi. Iliyoingia ni ile aliyoambiwa kwamba mashine imezimwa.

Alicheka peke yake uani mpaka mzee akachungulia dirishani. Kisha akaingia ndani, akafunga mlango, akalia. Darius alikuwa ameiacha mashine tayari kwa ajili ya kesho yake, ambapo wangeimba wote wawili, kwa ajili ya koo la rafiki yake.

Kuitoa kwenye mazoezi kulitaka kubonyeza mara mbili. Hakubonyeza.

Jumanne jioni aliimba, akasikiliza, akaitwa Akili. Jumatano vivyo hivyo. Alijua tangu anaanza kuimba kwamba hakuna kitakachoingia, na ndiyo maana aliimba bila kutetemeka hata kidogo. Callixte alipotuma mtu kuuliza, alijibiwa kwamba mashine inaumwa na fundi anaendelea kuutafuta ugonjwa. Fundi alikuwa anaendelea kukaa kwenye kiti chake, kaske masikioni, akingoja ubeti wa tatu. Aliyekaa siku tatu bila mtu kumwita jina lake ndiye amhukumu. Mimi simo.

Njia nyingine ilikuwepo, na aliijua. Angeweza kuhamisha wimbo kama ulivyo kwenye kaseti, akajiwekea, kisha akafuta. Alikuwa na kaseti mpya tatu mezani. Kila alipoinyooshea mkono mojawapo alijiona mwenyewe miaka kumi baadaye, kwenye gereji hiihii, akiirudisha nyuma na kuipiga, na mkono ukarudi.

Alhamisi mchana Consolée alikuja. Alikuwa amehamia Buterere kwa dada yake baada ya nyumba kuungua, na viatu vyake vilikuwa na tope la mashamba ya mpunga. Akakaa kwenye kiti cha mbele ya mashine, kile cha Darius, ambacho hakikukaliwa tangu mwaka jana, akasema anataka kuonyeshwa huo ugonjwa ili akamweleze shemeji yake. Akilimali akampa kaske ya pili, akapiga wimbo.

Ubeti wa kwanza ulipita, wa pili ukapita. Consolée alikuwa amekaa wima kama mtu aliye kanisani. Hakuwa amewahi kuusikia, na sauti ya mumewe hakuwa ameisikia mwaka mzima. Wimbo ulipofika pale, hakuitazama mashine. Alimtazama Akilimali, aliyekuwa amefumba macho, midomo yake ikisema maneno yale pamoja na marehemu, neno kwa neno.

Wimbo ulipokwisha akavua kaske taratibu.

“Mashine inaumwa wapi, Akilimali?”

“Haiumwi,” alisema. “Inafanya muzuri tangu juzi. Ni mi.”

Alimweleza yote, ya mazoezi, ya zile mara mbili, ya uongo aliomtumia Callixte. Alieleza vibaya, akirukaruka, macho yakiwa sakafuni. Alitegemea kukemewa, na angeshukuru kukemewa. Consolée kwanza aliumia, na hakuficha. Alisema kumbe neno la mwisho Darius aliloacha ndani ya chombo halikuwa lake yeye mkewe, wala la mama yake. Alisema hayo bila hasira, kama mtu anayejipa habari. Kisha akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

“Mi walinipatia mwaka muzima wa kulia,” alisema. “Watu walikuja, walinishika mukono, walileta chakula. We hakuna mutu alikupatia ata siku moja. Ulizika, kesho yake ukafungua mulango, ukafanya kazi.”

Akilimali aliitikia kwa kichwa. Hakuwahi kuambiwa hivyo, wala kujiambia.

“Wimbo ni wa familia,” aliendelea. “Lakini ile maneno ni yako. Ukisema ibakie, nitaambia Callixte mashine ilikufa. Hatutapiga wimbo. Basi.”

Alimaanisha, na Akilimali aliona kwamba anamaanisha. Alikuwa kama anamwona mama yake Darius amekaa kwenye mkeka Jumamosi, watu wakinywa, na sauti ya mwanawe haipo popote, kwa sababu fundi mmoja anaitaka peke yake ndani ya gereji. Alipiga moyo konde.

“Tufute,” alisema. “Lakini mutu mwingine abonyeze. Mi mukono haitaenda.”

Akaitoa mashine kwenye mazoezi. Akamwonyesha Consolée kitufe, akaenda nyuma ya godoro. Consolée akabonyeza. Wimbo ukaanza, na Akilimali akasimama mbele ya mikro akijua kwamba hii ni ya kweli na hakuna wa kumwambia vinginevyo. Koo lilikauka. Taa nyekundu ikawaka, ikakaa, haikupepesa. Akaimba mistari yake miwili kwa sauti iliyotetemeka, na kiitikio cha Darius kikaingia juu yake.

Mashine ile ilikuwa na huruma moja: hatua moja ya kurudi nyuma, mradi wimbo haujahifadhiwa. Consolée alikuwa ameshaondoka kuwahi basi. Akilimali alikitazama kitufe cha kurudisha, halafu akabonyeza cha kuhifadhi. Kioo kikamwuliza kama ana hakika. Akabonyeza tena.

Jumamosi, huko Buterere, walikunywa bia ya mtama kwa mirija, Callixte akasimama, akataja mmoja mmoja wale ambao kilio chao kimekwisha: mama, mjane, wadogo zake wawili, shangazi. Akamshukuru pia fundi kwa kazi yake. Fundi alikuwa amechuchumaa karibu na redio, akabonyeza kaseti. Watu walifurahi. Mama alipiga makofi taratibu kwa mikono yake mikavu. Ubeti wa tatu ulipofika, jirani mmoja alisema pale yule mwenye kuimba ametetemeka kidogo, labda alikuwa na homa. Consolée alimtazama Akilimali mara moja, kisha akainuka kuwahudumia wageni, maana siku ile alikuwa ameruhusiwa kucheka, na walikuwepo watu wa kucheka nao.

Akilimali alirudi Mutanga Nord kabla basi hazijaisha. Alifungua gereji, akakaa, hakuwasha kitu. Wenzake wote walikuwa wamemaliza, na mwaka wake wa kulia ndiyo kwanza ulikuwa unaanza.